Jibu la figo limefika leo

Leo baba mkwe kaniruhusu nimtolee kaka yangu figo. Kaniruhusu mbele ya waombolezaji.

Kaka mwenyewe, Masanja wetu, amefariki asubuhi, hapa nyumbani Kambarage.

Vipimo vyangu vilikubali zamani. Hospitali walikuwa wananisubiri mimi tu. Lakini nimeolewa Buseresere, na kwa wakwe zangu mwili wa mke haupasuliwi mpaka wazee wakae. Nesi alifunga safari kwenda kuwaelewesha. Wakasema watajibu.

Sasa kule, neno la ukoo halisemwi kwa simu. Lazima mzee alilete mwenyewe. Hata mume wangu hakuambiwa kitu.

Basi mchana baba mkwe kaingia, anatabasamu jamani. Turubai lilikuwa bado, akadhani watu wamekuja kumwona mgonjwa.

Nikapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mpe kaka yako figo. Tulishakubali tangu mwezi uliopita, nilikuwa namalizia kuvuna pamba tu."

Mwezi uliopita!

Mama yangu akapiga yowe, na mzee akaelewa. Akavua kofia.

"Sasa hili neno nilipeleke wapi?"

Nilikuwa na la kumjibu, tena baya. Nikaangalia mikono yake, imechanwachanwa na pamba, nikashindwa. Nikamletea maji ya kunywa.

Bado amekaa pale, maji hajayagusa.

Nyie wenzangu, kwenu wazee wakishakubali, hawawezi hata kubip?