Kopo la Nyanya Lililovimba

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye ploti za Kinoo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, pilipili ilikuwa kitu cha kuogopwa. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, ilitiwa chumvi na kitunguu, basi. Siku ya furaha mama alienda machinjioni Dagoretti kununua matumbo, akayachemsha tangu asubuhi mpaka ploti nzima, vyumba vilivyotazamana mlango kwa mlango, ikajua kwetu kuna sherehe. Vijana wa leo hawagusi chipsi kabla ya kuzimiminia pilipili, kisha wanajipiga picha machozi yakiwatiririka. Sisi tungeulizwa tunamlilia nani.

Aliyetuletea ukali ni shangazi Wairimu, dada ya baba. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu huko Kilimani, na Jumamosi moja alikuja na kopo alilopewa na mwajiri wake. Kwenye karatasi yake palichorwa nyanya mbili, na katikati pilipili nyekundu iliyojikunja kama ukucha.

"Leo mtakula kama matajiri," akatangaza.

"Wairimu, usituue," mama akasema. "Hapa kuna mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa ndugu yangu Njoro, aliyekuwa bado anatambaa. Alilala kitandani nyuma ya pazia. Wenzangu mnakikumbuka chumba cha namna hiyo: mlango, jiko la makaa, pazia, kitanda. Kufika kitandani sharti upite jiko.

Sasa, kwa mliozaliwa na makopo yenye pete ya kuvuta, ngoja niwaeleze polepole. Kopo la zamani lilihitaji kifaa cha kulifungulia, nasi hatukuwa nacho. Tulitumia kisu na jiwe. Lakini shangazi alikuwa amemwona mwajiri wake akitumbukiza chupa ya jemu kwenye maji moto, na mfuniko uliogoma ukalegea. Akaamini kopo nalo litalegea. Akaliweka juu ya makaa likiwa limefungwa vile vile, akatoka kwenda kununua dhania. Mama alikuwa nje akianua nguo. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya kitunguu saumu.

Nikasikia *ting*. Nilipogeuka, kifuniko cha kopo kilikuwa kimeinuka kama koo la chura. Nikiwa natazama, kikainuka tena.

"Mama! Kopo inavimba!"

Mama alikuja mbio, nguo zikimponyoka njiani. Jirani yetu Mama Akinyi, mwanamke wa Kisumu mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, akamdaka mkono.

"Usiingie! Hiyo kitu italipuka!"

"Njoro ako ndani!"

"Ngoja kwanza, Mama Njoro, ngoja tulete maji..."

"Niachilie!"

Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Ikanichomoka vidoleni. Alichukua karai, akajikinga nalo kama ngao, akapita kando ya jiko. Pazia likajifunga nyuma yake. Hapo kopo likapasuka.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, kama gunia linaloangushwa sakafuni. Kilichofuata ndicho kibaya. Nyanya na pilipili zilimwagikia makaa, moshi ukatoka mlangoni, na moshi huo ulikuwa na meno. Ulituuma koo na macho. Watu waliinama wakikohoa hadi chumba cha mwisho. Nami, macho yakiwa yamefumbwa kwa uchungu, nilitafuta sauti moja tu. Mtoto anayelia yu hai. Hilo nililijua hata kwa umri ule. Nilisikiliza. Njoro halii. Na mama haiti.

Mama Akinyi alilowesha leso, akajifunga usoni, akaingia. Wengine wakamfuata, wakikohoa na kulaani. Walitoka wakimvuta mama, naye amekumbatia blanketi. Walipolifunua, Njoro alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, bila sauti.

Mama Akinyi akampangusa uso kwa maji. "Lia, baba. Lia tu. Hakuna mtu atakugombeza."

Njoro akapiga chafya. Kisha akalia, tena kwa hasira, na mama akaketi chini pale pale matopeni.

"Huyo!" Mama Akinyi akapaza sauti. "Mpishi mkuu ameamka!"

Ploti ikacheka huku ikikohoa. Ndipo shangazi alipotokea na dhania mkononi. "Kwani mmeanza kula bila mimi?"

Sasa ninaishi ghorofani Kilimani, na kopo nalifungua kwa kidole kimoja. Juzi nilikaanga pilipili, moshi ukanizidi, nikakohoa hadi nikakaa sakafuni. Hakuna aliyebisha hodi. Simu ndiyo iliyolia, ujumbe kwenye kundi la wapangaji: "Nani anapika pilipili? Fungeni madirisha yenu tafadhali."

Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Kule Kinoo, pilipili yetu iliwawasha wote, na hakuna aliyeuliza. Walilowesha leso, wakaingia ndani.