Dhahabu Iliyoogopa Chumvi

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: siku dhahabu ilipogeuka nyekundu mbele ya macho yangu. Nilikuwa maabara, Dar es Salaam, msichana wa Bagamoyo ndani ya koti jeupe la kuazima lililonizidi mikono. Nilichemsha maji yaliyoyeyushiwa dhahabu, rangi yake manjano ya kupauka, nikatia matone ya dawa iliyo jamaa wa ndimu. Maji yakapoteza rangi, yakawa kijivu, yakawa meusi kama wino. Kabla sijamaliza kujilaumu, yakawa mekundu kama sharubati ya rosela.

Niliyapeleka dirishani nikayatazama, kisha nikarudia kazi yote toka mwanzo ili niamini. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Fungu la vibua nalihesabu sokoni na nalihesabu tena nyumbani, na wauzaji wakiniona kwa mbali huongeza wawili wenyewe ili yaishe.

Utauliza kwa nini dhahabu iwe nyekundu. Umewahi kuona zikri, safu ya watu wakipinda pamoja kwa pumzi moja? Chukua punje ya dhahabu ndogo kiasi kwamba hata ukipanga maelfu yake hayavuki upana wa unywele. Mwanga ukiigonga, elektroni zake huyumba zote pamoja namna ile ile. Myumbo huo humeza rangi ya kijani na kutuachia nyekundu. Punje zikisogeleana na kushikana, myumbo unapungua kasi, sasa unameza nyekundu, na maji yanaonekana ya buluu. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote: kutazama safu hizo na kuuliza nani kazisogeza.

Nikapata wazo. Nizivishe punje zangu dawa inayokamata risasi, ile metali nzito yenye sumu. Maji yakiwa na risasi, punje zitakamatana na rangi itageuka. Hapo hapana mashine kubwa, hapana umeme, anayejua nyekundu na buluu anaweza kusoma jibu. Mwanangu, nilifurahi hata kutafuna nikasahau. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya wanasayansi wa dunia nzima, nami nakataa maswali kwa adabu.

Nikaenda kujaribu Mlingotini, kijiji cha wavuvi, karibu na kwetu. Sikukichagua kwa bahati. Hatua thelathini kutoka kisimani (nilizihesabu kwenda na kurudi) kijana mmoja aitwaye Shabani alikuwa akiyeyusha risasi na kutengeneza chubwi, vile vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye mishipi. Mwenye macho yoyote angeshuku. Nikachota maji, nikadondosha dhahabu yangu. Kabla hata sijamaliza kusema bismillahi, maji yakawa buluu.

Nikarudia, buluu tena. Nikajiambia nimeshahesabu mara mbili, sasa nina haki ya kusema. Kumbe nilihesabu kitu kimoja mara mbili: ndoo ile ile, saa ile ile, mkono ule ule uliokuwa ukiomba buluu.

Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji kabla sijafunga mkoba. Kufikia alasiri kisima kilikuwa kimezibwa kwa matawi ya miiba na kina mama wamepewa njia ya kisima cha mbali, upande wa barabara kuu. Sufuria ya Shabani ikapinduliwa. Watu aliokula nao futari wakaanza kumwita mtia sumu, na mwenye duka akawa anampokea kama anayemfanyia hisani. Mimi huyo, nikarudi Dar, nikatuma muhtasari wa ugunduzi wangu kwenye mkutano wa wataalamu bila kumwonyesha profesa wangu. Niliogopa angeniuliza maswali.

Wiki moja baadaye nilikuwa Bagamoyo kwa mama yangu. Akabisha hodi mwanamke wa makamo, vidole vimekakamaa kwa kufunga mwani kwenye kamba. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaulizia afya ya nyumba nzima mpaka ya paka. Akakataa kahawa, na hapo nikajua amekuja kupigana. Jina lake Bi Tatu. Shabani ni mwanawe.

Alitoa kwenye kikapu chupa tatu zilizofungwa nyuzi shingoni: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Akazipanga mkekani.

"Mimi najua kilichomo," akasema. "Wewe hujui. Tia dawa yako, kisha niambie ipi ya kisima chetu."

Nikacheka moyoni. Tangu utotoni nimepatana bei na watu wagumu, nikadhani huyu amekuja kunipunguzia kosa la mwanawe kwa maneno. Nikatoa dawa mkobani, nikatia matone. Uzi mweupe, buluu. Uzi mweusi, buluu. Uzi mwekundu, maji yakabaki mekundu vile vile, matulivu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kwamba hizo mbili za buluu ni za kisima, na ile nyingine ni ya mvua.

Bi Tatu akaisogeza chupa ya uzi mweusi mbele yangu.

"Hii ndiyo ya mvua. Ya tangi langu, chini ya paa. Nimetia kijiko cha chumvi ya kupikia." Akaigusa ile iliyobaki nyekundu. "Hii nimeiteka kisimani leo asubuhi."

"Na ya uzi mweupe?"

"Ya kisimani, siku uliyokuja wewe. Yalibaki mtungini kwangu. Ulikuja wiki ya bamvua, mwanangu, bahari imejaa mpaka mwisho, na kisima chetu wiki hiyo huingia chumvi. Leo maji mafu, bahari imerudi nyuma, kisima ni maji baridi, hayana chumvi. Kila mwenye ndoo Mlingotini anajua hivyo. Uliiuliza chupa yako. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, hukuniuliza."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele, aliuliza kwa upole kama huko chuoni hawajaanza kufundisha chumvi.

Punje zangu zina chaji, kila moja inamsukuma jirani yake asisogee. Chumvi, chumvi yoyote, huivunja nguvu hiyo, punje zinashikana, rangi inageuka, risasi iwepo isiwepo. Nililisoma hilo kitabuni na nililijibu kwenye mtihani. Mtoto wa pwani, aliyelelewa kwa maji ya visima vya pwani, nilijaribu dawa yangu kwa maji safi ya maabara peke yake.

Nilitaka kumpigia mwenyekiti siku hiyo hiyo. Bi Tatu akanizuia. Alisema nilikimbia kufunga, nisikimbie kufungua. Kama risasi imo kweli, yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua, kwani wajukuu wake wanakunywa pale. Basi tukachota tena mbele ya mashahidi, wakati wa maji mafu na wakati wa bamvua, nikapeleka kwenye maabara nyingine yenye mashine kubwa. Niliichagua makusudi. Mkuu wake alikuwa hanipendi, na angefurahi sana kunikuta nimekosea. Majibu yakaja: risasi iko chini ya kiwango cha hatari, mara zote mbili.

Nikaufuta ule muhtasari. Kisha nikaenda Mlingotini Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa wamejaa. Nilisimama kisimani nikasema nimekosea, nikataja kosa lenyewe, nikamtaja Shabani kwa jina kwamba hana hatia. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika na sote, kwamba daktari wa maji ameshindwa na chumvi. Walicheka, na nilistahili. Nikaondoa miiba kwa mikono yangu, nikateka, nikanywa.

Shabani hakucheka. Nilimfuata, tukavutana kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba moshi wa risasi ni sumu hata kama kisima ni kizima, ahamishe jiko lake mbali na watoto. Alikubali kwa sharti moja: niombe radhi tena, dukani, pale pale alipodharauliwa. Sikupunguza hata neno. Niliomba.

Na sasa nikuambie raha ya habari hii. Swali la Bi Tatu lilinipa kazi ya miaka minne. Nilitafuta namna ya kuzivisha punje utando mwembamba usiojali chumvi, nikashindwa, nikashindwa tena, mpaka asubuhi moja nikamimina maji ya bahari yenyewe, niliyoyachota Bagamoyo, ndani ya dhahabu yangu. Nyekundu. Nikasubiri. Nyekundu. Nikatia tone la maji yenye risasi, ikawa buluu. Nilitoka mbio kwenye ujia wa chuo, kiatu kimoja mguuni, nikimtafuta profesa, na mwanangu, hadi leo mvi zimejaa nikilikumbuka lile tone miguu inataka kukimbia.

Nakuusia basi. Furaha ya kugundua usiizime, ndiyo itakayokuamsha ukishindwa. Lakini kabla hujaitangaza, jaribu kwa makusudi kuiharibu. Pima mara ya pili kwa njia nyingine, siku nyingine, na mkono wa mtu anayetaka ukosee. Muulize anayeishi na kile unachokipima, maana anajua tabia zake ambazo hazijaandikwa. Na ukimkosea mtu hadharani, usimtafute faraghani kumwomba radhi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe macho ya kustaajabu mpaka uzeeni, aijalie elimu yako iwafae wengine kabla haijakupa jina, na asikunyime hata siku moja mtu asiyeiogopa elimu hiyo. Amina.