Mguu wa L Chini ya Maji

Bibi, mama wa mama yangu, hakujua kutofautisha R na L. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga, binti wa warina asali, aliyeolewa na seremala Msukuma na kuhamia naye Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ukifika kwake alikuambia "kalibu", na sisi wajukuu tuliosoma Mpanda mjini tulicheka chinichini. Babu naye alitamka hivyohivyo. Tatizo ni kwamba aliandika kama alivyotamka.

Miaka mingi kabla sijazaliwa, tajiri mmoja wa pale Karema aliunda boti kubwa ya mbao ya kupeleka abiria na mizigo Kigoma. Akaiita Heri. Babu ndiye aliyechonga jina hilo kwa patasi, nyuma kabisa, herufi pana kama kiganja. Akachonga HELI. Boti ilikwenda Kigoma mara mbili ikiwa na jina hilo na mara zote mbili abiria walirudi wakicheka. Tajiri akamwamuru Babu arekebishe kabla ya safari ya tatu. Katika safari hiyo ya tatu upepo uliisukuma boti kwenye mawe ya kisiwa kidogo kilicho mbele ya kijiji, ikazama. Watu walitoka wote salama. Mizigo haikutoka.

Tajiri alisema seremala hakurekebisha kitu, na kwamba boti iliyonyimwa heri hadharani isingeweza kufika popote. Babu alisema alirekebisha asubuhi ileile, kabla watu hawajapanda. Hakuna aliyempa tena kazi ya boti. Alitengeneza vitanda na milango mpaka alipokufa, na Bibi sokoni akabaki kuitwa Mama Heli.

Nilikwenda kwao likizo moja katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu, Babu akiwa na mwaka mmoja tangu azikwe. Asubuhi ya pili Bibi aliniita jikoni. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mimi nilikuwa mke mwenzake.

"Mke mwenzangu," alisema, "wewe unajua kusoma. Nenda kamwangalie mume wetu kama alinidanganya."

Sikuelewa.

"Ile boti. Mjomba wako anapiga mbizi pale kila siku. Mwambie akupeleke. Ukasome."

"Kwa nini usimtume Mjomba mwenyewe?"

"Yule ni mwanangu. Ataniambia ninachotaka." Alifunika sufuria ya maharage. "Watu wa sokoni waseme wanavyosema, nimewazoea. Lakini mimi nimelala na yule mtu miaka yote ile nikimwitikia tu. Sikuwahi kujua. Wewe uniambie ulichokiona, usiongeze chumvi."

Mjomba alikuwa akikamata samaki wadogo wa mapambo, wale wenye rangi, kwa ajili ya mnunuzi mmoja aliyewasafirisha wakiwa hai kwenye mifuko ya nailoni. Ndiyo maana alikuwa na miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Nilipomweleza, alikuna kidevu.

"Miaka minne nashuka pale," alisema. "Jina limefunikwa na ukoka wa maji, ule utando wa kijani. Sijawahi kulisugua."

"Kwa nini?"

"Mimi nafuata samaki, sifuati alfabeti." Akacheka, kisha akaacha. "Na wewe usingelisugua, kama angekuwa baba yako."

Tulikwenda na mtumbwi wake. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo ilionekana kama mstari uliochorwa kwa penseli. Kisiwa chenyewe kilikuwa mawe tu, makubwa kama nyumba, na ndege wawili wa majini, mnandi, wakianika mabawa. Mjomba alitia nanga, akanifunga kamba kiunoni, akanipa ile miwani.

"Tema mate ndani."

"Ya nini?"

"Isishike ukungu. Tema, mwanasekondari, acha kuona haya. Halafu upumue polepole kupitia huo mrija. Ukipumua kama anayekimbizwa na ng'ombe, utakunywa ziwa lote na Wakongo watatulaumu."

Nilijua kuogelea kiasi cha kutozama, basi. Nikaingia, nikalaza uso juu ya maji, na nikasahau kupumua kabisa.

Tangu siku ile nimejaribu mara nyingi kuandika nilichokiona, na kila mara karatasi imekuwa ndogo. Miaka yote nilikuwa nimelitazama ziwa kwa juu, nikidhani ziwa ni ule uso wake. Kumbe ule ulikuwa mlango tu. Chini yangu mwanga ulikuwa ukitembea juu ya mawe kama nyavu zinazokunjwa na kukunjuliwa. Samaki wa manjano, wa buluu, wenye milia kama ya pundamilia, walikwenda na shughuli zao bila kunijali. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, nzito, kama ya mtu mwingine aliyelala pembeni yangu.

Kisha nikaiona boti. Ilikuwa imelala ubavu kati ya mawe mawili, na maji yalikuwa safi hivi kwamba nilikunja miguu nikiogopa kuigonga, ingawa ilikuwa mbali chini yangu, kina cha watu wawili waliopandana mabegani. Mbavu zake zilikuwa zimebaki wazi. Kundi la samaki liliingia kwenye dirisha moja na kutokea kwenye lingine, mmoja mmoja, kwa adabu, kama abiria. Nikawaza kwamba imekuwa ikisafiri muda wote huu, ila sisi hatukujua inakokwenda.

Mjomba, aliyekuwa ameingia majini nyuma yangu, alinigusa bega, akanyoosha kidole. Mbele yetu samaki mmoja alifungua mdomo na vitoto vyake, vidogo kama punje za mtama, vikatoka nje kupunga hewa yao ya maji. Alituona. Akavirudisha vyote mdomoni.

Nilivua mrija, nikashuka. Pumzi moja ilitosha herufi moja. Nilisugua ukoka kwa kiganja na H ikatokea. Nikapanda juu kupumua. Ya pili ikawa E. Nilipopanda tena, Mjomba alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi, hanitazami.

Nikashuka mara ya tatu.

Niliona R. Niliisugua tena, nikapitisha kidole. Mstari wa kusimama ulikuwa na kina kirefu, umechongwa na mtu asiye na haraka. Tumbo la R na mguu wake wa mshazari vilikuwa vyembamba, vimeparuliwa haraka. Na chini, pale ambapo L huweka mguu wake, palikuwa pamezibwa na kitu laini, kikiwa sawasawa na ubao. Nilikibonyeza kwa kucha. Kikaingia kidogo.

"R," nilimwambia Mjomba nilipoibuka.

"Sema kweli."

"R. Shuka ukashike."

Alivuta hewa, akashuka bila miwani. Alikaa huko muda mrefu mpaka nikaanza kuivuta kamba, nikisahau kwamba ilikuwa imefungwa kwangu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na akasema ni maji.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Nilimweleza kama alivyoagiza, bila chumvi: mstari mnene, tumbo jembamba, mguu uliozibwa.

"Umezibwa na nini?"

"Sijui. Kitu laini."

"Lete mkono."

Chini ya ukucha wangu kulikuwa na chembe ya manjano. Bibi aliitoa kwa ncha ya ukucha wake, akaisugua kati ya vidole mpaka ikapata joto, akaipeleka puani.

"Nta," alisema. "Ya kwetu Inyonga. Niliiyeyusha mimi asubuhi ile, akaondoka nayo kwenye kifuu. Alinihalibia sufulia yangu mpya na nikamsema wiki nzima."

Mchele ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye ungo na hakuuona.

"Kwa hiyo aliandika," akasema.

"Aliandika, Bibi."

"Heli."

"Ndiyo, Bibi," nilisema, mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. "Heli."