Magauni Matatu Uwanjani
Ofisini humwita Mkono wa Birika, mkuu wa fedha wa shirika moja la ndege za bei nafuu. Akitoka chumbani, hata kwa dakika moja, huzima taa. Tozo ya mabegi mazito aliibuni yeye, na ndiyo iliyolinusuru shirika lisifilisike. Siku alipomsindikiza mama yake uwanjani, begi la mama lilizidi uzito. Karani alipomwona bosi, akataka kulipitisha bila tozo.

“Mtoze kama wengine,” bosi alimwambia karani kwa sauti ya chini, akitoa pochi.

“Weka hela zako, mwanangu,” mama akamwambia. Akafungua begi, akavaa magauni mawili juu ya lile la mwilini. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanawe hakucheka. Alipiga goti, akamfunga vifungo kimoja kimoja.