Kadi ya Marehemu Thackray

Noreen Scaife alipika chakula cha shule hapa Withernby miaka kumi na tisa, na aliyedhani mpishi hana mdomo alikiona cha moto. Kutoka jikoni akaingia chama cha wafanyakazi, kisha udiwani, kisha akagombea ubunge mara mbili, na mara mbili Sir Alwyn Thackray akambwaga. Kampeni zote niliziendesha mimi, nikigonga milango mvuani mpaka soli zikaisha. Basi msiniambie simjui.

Hoja yetu ilikuwa moja tu: ukuta wa kuzuia bahari. Umepasuka, na dada yangu Enid anaishi chini yake, miguu haina nguvu. Kila akimuuliza Thackray, jibu lilikuwa lile lile: "Mwakani, mpenzi." Miaka ishirini na sita ya mwakani! Mzee akafa, uchaguzi mdogo ukaitishwa, Noreen akapita kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na mbili. Enid alilia kwa furaha.

"Hotuba ya kwanza, ukuta," nilimwambia Noreen.

"Desturi inataka nianze kumsifu aliyenitangulia, Cliff."

"Msifu dakika moja, halafu mchane."

Akacheka. "Nitamchana mpaka asikie huko kaburini."

Siku ya hotuba aliwahi bungeni kushika kiti. Pale anayetaka mahali huweka kadi yenye jina lake na tarehe, kisha ahudhurie sala. Kwenye kiti alichokitaka, safu ya nyuma, palikuwa na kadi tayari. Jina: Thackray. Tarehe: ya siku ile ile. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Nani mwenye utani huu wa kijinga?" akamuuliza mzee wa mlangoni.

"Chukua kadi mpya, Mheshimiwa, ukae kwingine."

"Thubutu! Hiki kiti cha watu wa Withernby." Akalikata jina la marehemu, akaandika lake kwenye kadi ile ile.

Mzee akashusha sauti. "Ungechukua mpya, mama."

Wakati wa sala wabunge hugeuka wakatazama ukutani. Noreen alinisimulia baadaye kwamba bega lake la kushoto lilipata baridi, akasikia mtu akipumua, akanusa tope la pwani. Upande ule hapakuwa na mtu.

Mimi nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni, aliposimama kuhutubia. Akamsifu Thackray dakika moja. Mbili. Tano. Nilikuwa nakunjakunja kofia, nikinong'ona, ukuta, Noreen, ukuta! Hatimaye akautaja. "Suala la ukuta," alisema, kwa sauti nzito ya kukwaruza ambayo si yake, "tutaliangalia mwakani."

Kwenye treni alikuwa mchangamfu. "Nimemchana, au siyo?"

"Noreen, hukumchana."

"Acha masihara yako, Cliff."

Niliogopa, sifichi.

Jumamosi tukaenda kwa Enid. Alikuwa ameshatenga chai na keki. "Haya shoga, mafundi wanaanza lini?"

Noreen akampigapiga mkono. "Mwakani, mpenzi."

Nje jua lilikuwa linawaka, lakini zulia lilikuwa limelowa chini ya viatu vya Noreen, na maji yalikuwa yanaenea. Enid aliyatazama, kisha akanitazama mimi, niliyemwombea mwanamke huyu kura nyumba kwa nyumba.

"Cliff," akasema, "umeniletea nani?"