Simu Mbili Juu ya Boneti

Simu yangu ya zamani ilivimba tumbo. Batri ilijaa hewa mpaka kioo kikainuka upande mmoja, nami nikakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisidondoke. Binti yangu akaniambia, "Baba, hiyo telefone itakulipukia mufukoni." Nikamwambia hata mimi nina tumbo na bado sijalipuka. Akacheka, lakini si sana.

Niseme ukweli mapema, maana nikianza kuzunguka nitasahau. Tumbo la simu halikunisumbua. Kilichonisumbua ni sauti. Kwa miezi kadhaa simu ile ilikuwa inaninyima sauti ndogondogo za injini, na kazi yangu yote inakaa humo, kwenye sauti ndogondogo. Nikajiambia spika imechoka. Nikajiambia nikipata simu mpya kila kitu kitarudi.

Mimi ni fundi wa magari hapa mtaani Buyenzi tangu sijaota ndevu. Shule niliiacha mwaka wa tatu. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Aliyenifundisha injini alikuwa mzee mmoja mnene, mkali, aliyependa kumenya machungwa akiwa ameegemea gari la mteja. Alinifunga macho kwa kitenge cha mkewe, akawasha gari, akauliza, "Huyu analia nini?" Nikikosea, napigwa ganda la chungwa usoni. Miaka mitatu nilinuka machungwa. Lakini nilipotoka pale, gari likikata kona ya msikiti nilijua ni la nani na litakufa lini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nasikia nati ikianguka kwa jirani, ila yeye akiniomba nichote maji sisikii. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Sasa, hizi sauti za simu. Miaka hii mafuta ni shida mjini. Gari linalala kwenye foleni ya stesheni na mwenyewe analala ndani yake. Kwa hiyo mtu wa Kinindo akisikia gari lake linakohoa, hawezi kuchoma esansi kidogo aliyo nayo kuja mpaka Buyenzi ili nimwambie ni mkanda tu. Anarekodi. Anafungua boneti, anasogeza simu, ananitumia kwa WhatsApp, nami namjibu kwa sauti: lete, au usilete, au zima sasa hivi. Sikumbuki nani alianza mtindo huo. Kuna mama mmoja wa Kinindo, kila akirekodi ananisalimia mimi, anasalimia wanangu, anauliza mvua ya upande wetu, halafu anasema, "Haya Mzee, sasa nakupatia gari," utadhani gari ndilo litaongea. Na kweli linaongea. Sauti hizo zote nilikuwa nazihifadhi. Kikohozi cha kila gari ninacho.

Alhamisi moja binti yangu aliomba ruhusa kazini, akaja na kigari chake kunipeleka kuchagua simu. Duka lenyewe ni hatua chache tu kutoka garaji, la mtu mzima mwenzangu ambaye zamani alikuwa anauza viatu. Yeye anaziamini Android. Binti yangu anatumia iPhone. Wakanisimamisha katikati kama bibi harusi anayegombewa.

"Kwanza ujue, Baba, zote ni telefone," binti akasema. "Yenye kuachana ni système, ile inaendesha kila kitu ndani."

"Kama gari ya esansi na gari ya mazutu."

"Eeh, karibu hivyo."

"Basi zote zinafika Rumonge."

"Zote zinafika. Lakini ukizoea moja, kuhamia ingine ni kazi."

Mwenye duka akanitolea moja nyeusi. "Mzee, hii ya Android iko boneti wazi. Unaingia, unaona mafaili yako yote, unachomeka waya, unahamisha. We ni fundi, utakubali uuziwe gari yenye boneti ya kushonwa?"

"Haijashonwa," binti akasema. "Inatunza vitu vyake, ni ile tu. Hii yangu iko na miaka mingapi? Haijanisumbua hata siku moja. Na Baba hana haja ya kufungua kitu, ana haja ya kubonyeza."

"Fundi wa kubonyeza! Sasa mwite abiria."

"Mi siko nauliza hayo," nikawaambia. "Mi nauliza: inasikia?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye duka swali hilo.

Nje palikuwa na teksi ninayoijua kama ninavyojua kidevu changu. Valvu zake zina ugonjwa wa zamani, zinagonga tik tik tik, kitu chembamba kama saa ya ukutani, na dereva amekataa kuzitibu kwa sababu gari linaendelea kwenda. Nikamwomba awashe. Tukafunga boneti, tukalaza simu mbili juu yake, Android kushoto, iPhone kulia, zikarekodi. Watu wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama tunaipiga teksi picha ya pasipoti.

Nikasikiliza ya kulia: nguruma, nguruma tu. Nikasikiliza ya kushoto: nguruma ileile. Tik tik hakuna.

"Zote mbovu," nikasema.

Mwenye duka akajikuna. "Mzee, hizi za sasa zinasafisha sauti. Zinafukuza kelele ili mutu asikike."

Sijui niseme vipi furaha niliyoipata. Nilimshika mkono yule mtu. "Umeona! Kwa telefone ya siku hizi, injini ni kelele!" Nikamgeukia binti yangu nikamwambia twende nyumbani, nitabaki na yangu yenye mimba.

Binti hakucheka. Akasema, "Leta yako, Baba. Tujaribu na sauti ambayo tayari ilishatumwa." Akaichukua simu yangu, akafungua iliyokuwa juu kabisa.

Hiyo ilitoka kwa mtu wa Kanyosha, ambaye ana gari la kubeba nyanya. Aliituma asubuhi. Kesho yake alitaka kupanda mlima mpaka Gitega na mke, watoto na mama yake mzazi, kwenye mahari ya mdogo wake. Ili kurekodi, aliendesha polepole karibu na nyumba yake, mkewe akatoa simu nje ya dirisha juu ya gurudumu la mbele, kisha akauliza, "Mzee, nipande nayo?" Niliisikiliza mara moja. Nikamjibu, "Gari zima. Panda, usiogope."

Binti akaicheza. Akainua kichwa.

"Baba, huyu ndege ni wa nini?"

"Ndege gani?"

"Huyu analia. Kwi, kwi, kwi. Gari ikikaza mwendo, na yeye anakaza."

Mwenye duka akasema, "Eeh, hata mi namusikia."

Binti akaihamishia kwenye iPhone yake, akaicheza. Akaicheza kwenye ile Android. Mimi nasikia tairi likisaga changarawe, nasikia mke wa yule mtu akipumua. Ndege simsikii. Ndipo binti akaanza kuinua kidole kila ndege alipolia. Kidole kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka, gari likiongeza mwendo kidole nacho kinakwenda mbio, na kwangu mimi ni kimya. Nilikuwa natazama kidole cha mwanangu kama mtu anayetazama ngoma ikipigwa ng'ambo ya mto.

Nikamuuliza jambo la mwisho, polepole. "Na ile tik tik ya teksi. Umeisikia kwenye telefone gani?"

"Kwenye zote, Baba. Naisikia hata sasa. Gari si iko inawaka hapo?"

Nikageuka. Teksi ilikuwa hatua tatu kutoka nilipo, inanguruma, dereva ameegemea mlango. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mambo mengine mtu anayajua na hataki kuyajua. Ile adhana ya alfajiri, kwa mfano. Mwaka jana nilikwenda kwenye kamati ya msikiti nikalalamika kwamba muadhini amepoteza sauti, haifiki mpaka kwangu. Wale watu wa Mungu wakabadilisha kipaza sauti. Wakaniuliza, "Sasa, Mzee?" Nikasema bado. Wakakigeuza upande wa kwangu. Nikasema bado. Muadhini mwenyewe, mtu mpole, alianza kunywa tangawizi. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Lakini pale dukani sikuwaza adhana. Ndege anayekaza mwendo pamoja na gurudumu si ndege. Ni grisi imekauka, na ruleman, zile gololi zinazobeba gurudumu, zinakula chuma. Kwa kwenda sokoni unaweza kukaa nayo hivyo siku kadhaa. Kwa mlima wa Bugarama, njia ya Gitega, gari limejaa watu, kona upande huu na korongo upande ule, sitaki kusema. Nimewahi kuvuta gari kutoka kule.

Nikampigia yule mtu wa Kanyosha. Hapatikani. Nikamtumia sauti: usipande, nasema usipande. Alama ikabaki moja, haijamfikia. Nikapiga tena. Hapatikani.

Binti yangu alikuwa na esansi ya kumfikisha kazini mpaka Jumatatu, si zaidi. Akachukua ufunguo.

Njiani alitazama mbele tu. Baadaye akauliza, "Toka lini?"

"Toka lini nini?"

"Baba."

Nikamweleza habari ya muadhini. Alicheka mpaka akafuta macho, na mwishoni sikuweza kujua kama bado anacheka.

Kanyosha tulimkuta nyumbani, Mungu ni mkubwa, anaosha gari kwa ndoo. Simu yake iliisha moto, chaji hakuna, umeme umekatika. Mkewe anapiga pasi ya mkaa nguo za watoto kwenye meza ya nje, na sketi moja ndogo ya sherehe ilikuwa imetundikwa mlangoni.

"Mzee fundi! Umekuja kutuaga?"

"Lete jeki," nikasema.

Tukainua gurudumu. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa: linacheza kama jino la mtoto. Nikalizungusha taratibu, kiganja kikiwa kwenye chuma, nikahisi mchanga ndani yake, krr, krr, ukipanda mpaka kwenye kiwiko. Hiyo niliisikia. Kwa mkono niliisikia vizuri kabisa.

"Hakuna mtu anapanda na hii," nikasema.

"Lakini Mzee, asubuhi si ulisema gari zima? Mi nilishaambia wakwe tunafika kesho."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umenyooka. Ningesema simu imevimba, spika imekufa, na kwa ushahidi nina simu yenyewe imefungwa mpira. Binti yangu alisimama pale, na najua angeninyamazia.

"Telefone ilileta sauti vizuri," nikasema. "Ni mi sikusikia. Masikio yangu yamekwenda."

Akacheka. "We? We Mzee? We si ni mutu anasikia mbu akibadilisha gia!"

Akacheka peke yake kwa muda. Mkewe ndiye aliyeweka pasi chini. Alitazama gurudumu, akatazama watoto waliokuwa wanachezea maji ya ndoo, akasema neno moja tu:

"Tungekwenda."

Hakunilaumu. Hata chai alinikaribisha.

Walikwenda Gitega kwa basi, na ile ruleman niliibadilisha wiki iliyofuata kwa mikono yangu, bila kutumia sikio hata mara moja.

Jumamosi nilirudi dukani na binti yangu. Mwenye duka akaniuliza nimeamua système gani. Nikamwambia aweke Android kwenye kiganja changu cha kushoto, binti yangu aweke iPhone kwenye cha kulia, halafu wazitikise, ule mtikisiko wa simu inapoita kimya.

"Mzee! Watu wanauliza kamera, wanauliza giga. We unauliza mutikisiko?"

"Nauliza huo."

Wakazitikisa. Nilifumba macho kama zamani kwa yule mzee wa machungwa. Ya kulia ilitikisa kwa upole, kitu cha adabu. Ya kushoto ilinishtua mpaka kwenye bega, kama gari bovu. Nikachukua ya kushoto. Na tena boneti iko wazi, binti akachomeka waya akahamisha sauti zangu zote, gari kwa gari, hata zile ambazo sizisikii tena. Aliniuliza kama tufute baadhi. Nikamkatalia kwa ukali, halafu nikaona haya.

Sasa simu inakaa mfuko wa shati, juu ya moyo. Ikitikisika najua kuna mtu ananitumia injini. Wote nawajibu sawa: lete niishike. Wengine wananiuliza, "Na esansi, Mzee?" Wengine hawatumi tena, na siwezi kuwalaumu, wana watoto ndani ya magari yao.

Juzi ilitikisika. Ni yule mama wa Kinindo. Alinisalimia, akasalimia wanangu, akauliza mvua ya huku. "Haya Mzee, sasa nakupatia gari." Nikaisogeza simu sikioni, nikaikandamiza mpaka ikauma. Gari likasema nusu ya maneno yake.

Nikamjibu: lete.

Hajaleta.