Mkono Usiosikia Moto

Wapendwa mliolazwa wodi hii, hamjambo. Mimi ni Chirau, mtu wa Kinango. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nitasema nilivyozoea.

Kabla sijajua kuwa mimi ni mgonjwa, nilikuwa mtu wa sifa. Kwenye harusi nilikuwa naepua sufuria ya wali kwa mkono mtupu, wala sishtuki. Akina mama wanapiga vigelegele. Nikajiona dume. Kumbe dume lilikuwa linaungua.

Mke wangu Umazi ndiye aliyesikia harufu. "Baba Nyevu, hiyo ni nyama yako." Vidole vikatoka malengelenge, vikaoza, usaha unachuruzika, na mimi siumwi hata kidogo.

Huko hospitali ya Msambweni daktari alinifunga macho kwa kitambaa, akanidunga sindano.

"Nimekudunga wapi?"

"Bado hujanidunga."

Akanifungua kitambaa. Kisha akasema, "Ni ukoma. Dawa ipo, lakini ni ya miaka."

Uhuru ulikuwa ndio kwanza umekuja. Watu wote huru, mimi nikafungiwa wodi ya pembeni. Vidole viwili vikakatwa. Shemeji zangu wakamchukua Umazi na mtoto. Mama alikuja mara moja, akaacha chakula mlangoni, akaondoka bila kuniangalia.

Nikaomba. "Yesu, wakoma wa zamani uliwagusa. Mimi nimekukosea nini?" Kimya. Mwaka mzima kimya. Mwisho nilikuwa nasema tu, "Bwana, kama upo, nishike," halafu nageukia ukuta. Hata kujicheka niliacha, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri.

Siku moja Umazi akaja, vumbi hadi magotini. Tukakaa kwenye benchi. Sikuweza kumtazama.

"Kaka zako wamesemaje?"

"Wamesema mimi mjinga."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia ujinga nilianza siku niliyokubali kuolewa na wewe."

Nikainama nicheke. Ndipo nikaona mkono wangu mbovu umo ndani ya mikono yake miwili.

"Umeushika tangu saa ngapi?"

"Tangu nikae."

Sikuwa nimesikia kitu.

Nilipona, ingawa vidole havikuota. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Umazi. Na wewe uliyelala hapo unasema Kristo amekuacha kwa sababu husikii chochote, meza dawa, na uombe hivyo hivyo. Labda amekushika zamani, na ugonjwa ndio unaokuzuia kusikia. Mimi ilibidi nitazame kwa macho.